Simu iliyorudi mwaka 1970

Haya ninayoandika leo yalianzia kwa mama mdogo wangu. Yeye ni mtu wa Vitshumbi kama mimi. Tangu vita vilipotufikia pale ziwani mwezi Machi 2024 amehama mara nne, na sasa anaishi Goma, kwa jamaa walio Majengo. Simu yake ni Android ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Aliinunua ikiwa imeshatumika, na batri yake imechoka: ukiiacha saa tatu bila kuichaji, inazima.

Asubuhi moja alinitumia mtoto aje kuniita. Nilipofika alikuwa amekaa nje, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Mwanangu, njoo uone. Wamenifungia."

Sikumwuliza ni nani waliomfungia. Kwetu neno hilo halihitaji mwenyewe. Alikuwa anajaribu kufungua ukurasa mmoja wenye orodha ya watu waliohama, aliambiwa atafute jina lake humo. Badala ya orodha alipata alama ya hatari na maneno ya Kifaransa. Jirani mmoja alishamwambia kwamba majina ya watu wa Rutshuru yamefutwa. Mwingine akasema ni intaneti yote ya mashariki imekatwa. Kwa siku tatu alikuwa analala na habari hizo mbili.

Nikayasoma yale maneno. Yalisema: saa yako iko nyuma. Nikatazama juu ya kioo. Saa nane na dakika kumi na moja za usiku, na jua lilikuwa linatuchoma kichwani. Nikafungua kalenda. Tarehe 1 Januari 1970.

"Mama mdogo, simu yako iko mwaka 1970."

"Mimi mwaka huo sikuwa nimezaliwa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Ni mwaka ambao wazee wetu wachache tu wa Vitshumbi wanaweza kuusimulia. Hifadhi iliyotuzunguka ilikuwa ndiyo kwanza imeacha jina la Mfalme Albert, mwaka 1969, na kuitwa Virunga. Nchi ilikuwa bado inaitwa Kongo; jina la Zaïre lilikuja tarehe 27 Oktoba 1971. Simu ya mkononi haikuwako popote duniani. Mtu wa kwanza kupiga simu ya namna hiyo hadharani, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola, alipiga akiwa barabarani New York tarehe 3 Aprili 1973. Sasa kwa nini simu iliyotengenezwa karibu miaka 45 baadaye ikiishiwa nguvu inakimbilia huko?

Jibu liko Marekani, katika maabara za Bell, ambako mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Kompyuta haijui Jumatatu wala Desemba. Inajua kuhesabu. Kwa hiyo wenye Unix walikubaliana kwamba mashine ihesabu sekunde, na sekunde ya sufuri iwe usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland alianzisha Linux kwa kufuata mwendo uleule, na Android ya Google ikajengwa juu ya Linux. Hivyo ndani ya simu ya mama mdogo kuna hesabu iliyowekwa na watu wa maabara ile. Batri ikifa kabisa, hesabu inarudi sufuri. Na kwa kuwa saa yetu ya mashariki iko mbele ya Greenwich kwa saa mbili, sufuri yetu inaangukia saa nane za usiku. Kule Kinshasa ni saa saba. New York bado ni jioni ya tarehe 31 Desemba 1969, mtu anakula chakula chake cha jioni.

Si simu zote zinarudi mwaka huo. Nyingine hurudi kwenye mwaka zilipotengenezwa. Nyingine zinachukua saa kutoka kwa rezo na kujisahihisha zenyewe, lakini ya mama mdogo kuna mtu alikuwa amezima sehemu hiyo.

Basi, saa imekosea. Shida iko wapi? Mbona saa ya ukutani ikikosea mlango wa nyumba unaendelea kufunguka?

Hapo ndipo ilinibidi nimweleze habari ya vyeti. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari kilichotamba wakati ule (kivinjari ni ile programu ya kufungulia intaneti, kama Chrome, Firefox au Opera), ilitaka watu waweze kununua vitu kwa intaneti bila mwizi kusoma namba zao njiani. Ikatengeneza namna ya kufunga maneno kwa ufunguo, na kila tovuti ikapewa cheti cha kuonyesha kwamba ndiyo yenyewe. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Wavuvi watanielewa upesi: ni kama kibali cha mtumbwi. Unafika kwenye kizuizi, askari anatazama kibali chako, kisha anatazama kalenda yake. Ikiwa kalenda yake ni ya mwaka 1970, na kibali chako kimeandikwa kwamba kinaanza 2025, atakuambia hakijaanza kazi. Unaweza kulia, kuapa, kumwita shahidi. Yeye anasoma tarehe tu.

Kwa hiyo hakuna aliyemfungia mama mdogo. Simu yake yenyewe ndiyo ilikuwa askari, na kalenda yake ilikuwa mbovu.

Hapo zamani simu hazikuwa na ukali huo. Wale wa umri wangu, miaka thelathini na kitu, tunakumbuka phonie, redio ya kuita iliyokuwa kwenye misheni na kwa wafanyabiashara wakubwa. Ulilipa, ukasubiri zamu, ukapiga kelele, na kila aliyekuwa kwenye masafa yale alisikia kwamba shangazi yako amejifungua. Simu za waya za posta zilikuwa zimekufa sehemu nyingi za nchi. Simu ya mkononi ya kwanza ilikuja Zaïre mwaka 1986 na kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare, lakini ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Mvuvi aliiona mkononi mwa mtu mwingine. Watu wa kawaida tuliingia baada ya Celtel kuja mwishoni mwa mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Ndipo zikaenea zile simu ndogo zenye tochi. Ukiichomoa batri na kuirudisha, ilikuuliza saa na tarehe. Ukikataa kujibu, iliendelea kupiga na kupokea kama kawaida. Mtu aliweza kuishi miaka mitano na tarehe ya uongo na asikose hata simu moja.

Intaneti tuliifuata Goma, kwenye siber. Ulilipa kwa dakika, na nusu ya dakika zako zilikwisha ukitazama ukurasa ukishuka mstari kwa mstari, kwa sababu wakati huo mashariki yote ya Afrika ilitegemea satelaiti. Waya wa kwanza wa chini ya bahari kwa upande wetu huu, SEACOM, uliwashwa Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kitu kimoja kilichotusaidia kuliko waya wowote, na nadhani hakijapewa sifa yake: Opera Mini. Ilitengenezwa na kampuni ya Norway, ikajaribiwa kwao mwaka 2005 na kutolewa kwa dunia yote Januari 2006. Akili yake ilikuwa rahisi. Simu yako haikwenda kuchukua ukurasa. Iliituma seva ya Opera iuchukue, iukandamize hadi ubaki sehemu ya kumi, ndipo ikuletee. Kwa yunite chache ulisoma habari za dunia kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti. Mimi kozi yangu ya uandishi wa habari niliisoma nusu kwa Opera Mini.

Watengenezaji wa kurasa wao walikwenda upande mwingine. Mwaka 2010 ukurasa wa kawaida haukufika hata nusu ya mega. Leo umepita mega 2. Picha ni kubwa, video zinajiwasha zenyewe, herufi za mapambo zinaletwa kutoka seva ya mbali, na nyuma ya hayo yote kuna programu ndogondogo zinazohesabu nani amesoma nini. Anayetengeneza hana ubaya. Ana kompyuta mpya, ana rezo nzuri, kwake ukurasa unafunguka kabla hajakohoa. Habari za mtu anayenunua mega kwa franka za samaki watatu hazimfikii.

Nasema hivyo nikijua kwamba na sisi tulifanya kosa hilohilo. Kijana anayetusaidia na ukurasa wetu alitutengenezea kitu kizuri: picha za ziwa zinazotembea, viboko, marabu, mitumbwi alfajiri. Kwenye kompyuta yake kila mtu alipiga makofi. Nikaenda nayo Vitshumbi, nikasimama kando ya maji mahali ambapo rezo inapatikana, nikafungua. Nilisubiri. Mvuvi mmoja karibu yangu alimaliza kushona tundu la wavu wake. Picha ya kwanza ilifika nusu, kiboko bila kichwa, na mega zikaisha. Tulipozungumza, yule kijana hakuwa na hasira, alikuwa na aibu. Tukaondoa picha zote zinazotembea, tukaacha maandishi na picha moja ndogo. Baadhi ya wenzangu bado wanaona ukurasa umekuwa maskini. Mimi nauona unafunguka.

Sasa nifike kwenye siku ambayo kwangu ndiyo kiini cha historia hii: tarehe 31 Desemba 2018.

Mnakumbuka. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, na sauti ya RFI ikazimwa. Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2011, baada ya uchaguzi wa mwaka ule, SMS zilikatwa zaidi ya wiki tatu, na kwa mtu asiyesikia SMS ndiyo simu yake. Januari 2015 ikaja zamu ya intaneti, wakati watu walipokataa sheria mpya ya uchaguzi. Kwa hiyo Desemba 2018 hakuna aliyeuliza sababu. Tukasubiri. Siku zikafika karibu 20. Intaneti ikarudi wakati ule ule Mahakama ya Katiba ilipothibitisha matokeo, tarehe 19 kuamkia 20 Januari 2019.

Kwa mama mdogo haikurudi. Wakati huo alikuwa na Nokia yenye vitufe, katika zile zilizotumia mfumo uitwao S40, na humo ndimo alimokuwa akisoma ujumbe wa WhatsApp wa wanawe. Alisubiri Januari ikaisha. Alisubiri Februari. Aliniambia kwa simu kwamba serikali imerudishia watu wa mji na kuwaacha watu wa ziwani. Alimkasirikia mtu wa kuuza yunite. Akanunua mega mara mbili, zikaoza humo humo. Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari mwenye cheti, nilimwambia avumilie.

Kumbe WhatsApp ilikuwa imetangaza mapema kwamba itaacha kuzihudumia simu za S40. Na tarehe waliyoichagua, huko ofisini kwao California, ilikuwa 31 Desemba 2018. Siku ileile. Mikono miwili tofauti, isiyojuana, ilizima simu moja siku moja. Mkono wa karibu uliwasha tena baada ya siku 20. Wa mbali haukuwasha tena, na mama mdogo hakuwa na njia ya kuitofautisha mikono hiyo, kwa sababu kimya kilikuwa kimoja.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Sisi wa Kivu tumezoea kusoma kimya. Mtu asipojibu tunahesabu: barabara imefungwa, mnara umeharibiwa, kijiji kimekimbia. Mara nyingi tunahesabu sawa, kwa bahati mbaya. Ndiyo maana kimya cha namna nyingine kinapokuja tunakiweka kwenye kapu lilelile la vita, na mtu analala na hofu ambayo sababu yake ni tarehe tu.

Tarehe za namna hiyo zimeongezeka. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha kuongea na tovuti zinazotumia kufuli za kizamani, na vivinjari vya zamani vikabaki nje ya tovuti mpya. WhatsApp ilirudi tena tarehe 1 Novemba 2021 ikaziacha Android zote za 4.0. Na kuna habari ya Let's Encrypt, shirika la Marekani linalotoa vyeti bure tangu mwaka 2015, ambalo sehemu kubwa ya tovuti duniani zinalitegemea. Cheti mama ambacho vyeti vyake viliegemea kilikuwa kinaisha tarehe 30 Septemba 2021. Kile kipya hakikuwa ndani ya Android zilizotangulia toleo la 7.1. Mwaka 2020 wao wenyewe walihesabu kwamba simu hizo ni karibu theluthi moja ya Android zote duniani. Hebu fikiri: theluthi moja ya simu, na nyingi ziko kwa watu kama sisi, zingeamka asubuhi moja zikikataa kurasa kwa maelfu.

Waliokolewa na jambo la ajabu. Iligunduliwa kwamba Android ya zamani haitazami tarehe ya mwisho ya cheti mama kilichomo ndani yake. Kwa hiyo wenye cheti kile cha zamani walikubali kukitia sahihi cha kipya kwa miaka mitatu zaidi, ingawa chenyewe kilikuwa kinaisha. Uzembe wa simu ndio ulioiokoa. Miaka hiyo mitatu nayo ilimalizika Septemba 2024. Fundi mmoja wa Birere aliniambia kwamba miezi ile aliletewa simu nyingi "zenye virusi" ambazo hazikuwa na virusi vyovyote. Ushauri wa Let's Encrypt wenyewe, tangu mwanzo, ulikuwa kuweka Firefox, kwa sababu Firefox inabeba vyeti vyake yenyewe na haitegemei vile vya simu. Nauandika hapa kwa sababu una faida: kama simu yako ni ya zamani, tarehe yake ni sahihi, na bado kurasa zinakataa, jaribu kwanza Firefox kabla ya kumlipa mtu akuondolee virusi.

Wakati mwingine nachukua redio ya marehemu baba. Ni kubwa, ya batri nne, kamba imefungwa mahali pa mshipi. Ni ya miaka ya Zaïre. Radio Okapi ilipoanza kutangaza Februari 2002 redio ile iliipokea siku ya kwanza, na ikipewa batri leo inaipokea. Najua nalinganisha vitu viwili visivyofanana, redio haibebi siri ya mtu wala fedha yake. Lakini nikiishika nashangaa kidogo kwamba kifaa kisicho na kalenda kimeishi kuliko simu zangu sita. Na hizo simu, madini ya ndani yake, mnajua yanakochimbwa. Kutoka hapa Goma hadi Rubaya ni safari ya pikipiki.

Turudi Majengo. Niliweka tarehe ya siku ile kwa mkono, nikaiwasha ile sehemu ya kuchukua saa kutoka kwa rezo. Ukurasa wa orodha ukafunguka, ukala karibu mega 5, na majina ya Rutshuru yalikuwako. Lake halikuwamo bado. Alitikisa kichwa akasema atarudi kuangalia wiki ijayo, bila uchungu mwingi. Jambo la kutokuwa kwenye orodha alikuwa amelizoea.

Nilikuwa namrudishia simu nikakumbuka kitu. Simu hupanga vitu kwa tarehe, kipya juu, cha zamani chini. Na simu hii, kila batri ilipozima, ilirudi tena tarehe 1 Januari 1970. Mwezi mzima mama mdogo alikuwa ameishi ndani ya siku moja.

"Mama mdogo, kuna mtu aliyekupigia mwezi huu?"

"Naona alama ya simu iliyonipita. Nikifungua orodha, juu ni zile za mwaka jana tu. Nikafikiri alama nayo imeharibika."

Nikaanza kushuka kwenye orodha kwa kidole. Mwaka jana, mwaka juzi, majina ya watu wa Vitshumbi, wengine tusiojua waliko. Nikashuka hadi chini kabisa, chini ya simu zote. Hapo, chini ya tarehe 1 Januari 1970, kulikuwa na namba moja ngeni, mara sita. Saa nane za usiku, saa tisa, saa nane tena.

Kijana wake wa pili alivuka ziwa kwa mtumbwi kuelekea Kyavinyonge mwaka uliopita, na simu yake ilianguka majini. Tangu siku hiyo hakuwa na namba.

Mama mdogo alinipokonya simu. Batri ilikuwa imebaki asilimia 9. Akapiga.